Jopo la uani

Mtoto wa kaka kanitumia ujumbe wa sauti saa tano ya usiku. "Shangazi, jina langu limetoka, nimeitwa usaili wa kazi serikalini! Sasa wakiniuliza udhaifu wangu, niseme nini?"

Nimemjibu yale ya kawaida. Asome Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, madaftari yangu ayaache yalivyo, mimi nilisomea ile ya 2011. Abebe vyeti halisi, maana karatasi ya matokeo haipokelewi. Aangalie majina yafanane kwenye vyeti vyote, hadi cha kuzaliwa. Nauli na malazi ni juu yake mwenyewe. La udhaifu nimelikalia kimya, nikabaki macho nikiwaza ua wa mama mdogo, Ngamiani, mwaka 2019.

Mama mdogo ni muuza sambusa. Ila kabla ya sambusa alikuwa mhudumu wa ofisi ya serikali pale Tanga. Enzi hizo ofisi nyingi zilisaili watu zenyewe, na kila kulipokuwa na usaili yeye ndiye aliyeingiza chai. Anayebeba chai hakuna anayemnyamazia. Alisikia watu wakijieleza, na wakishatoka akasikia wanavyoelezwa. Kwa hiyo tangazo lilipotoka la kuitwa Dodoma, nafasi ya Afisa Ugavi Daraja la II, mama mdogo hakunipongeza. Aliniambia nitoke nje, nigonge mlango, niingie upya.

Niligonga mlango ule mpaka majirani wakauliza kuna nini. Mara nimekaa kabla ya kukaribishwa. Mara mkoba nimeupakata kama nasubiri basi. Mara natazama dari. "Majibu hayajaandikwa kule juu, mwanangu." Nikisema mimi ni mchapakazi, ananikata: "Hilo tumelisikia. Ulifanya nini?" Miaka kadhaa baadaye, kwenye mafunzo Morogoro, mwezeshaji alituandikia ubaoni kwa kalamu nyekundu namna ya kujibu: hali, jukumu, hatua, matokeo. Watu wakanakili kwa bidii. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa na mtu aliyekuwa anakanda unga.

Ilipokaribia safari akaamua mazoezi ya watu wawili hayatoshi, likahitajika jopo. Wa kwanza yeye. Wa pili mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, aliyekuja na miwani na peni yake. Wa tatu alikuwa kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu. Nilidhani ameitwa kujaza kiti. Kumbe ana stashahada ya ugavi, ameshakwenda usaili mara kadhaa, na tangazo lile lile lililotoa jina langu yeye halikumtoa. Mama mdogo alilijua hilo. Mimi nilikuja kulijua nikiwa nimeshakaa kwenye stuli mbele yao.

Jioni ile sijaisahau. Taa ya uani ilikuwa ile ya kuchaji, imetundikwa kwenye kamba ya nguo. Boda alikuwa hajavua koti, helmeti kaiweka mezani karibu na birika. Mwalimu aliniuliza Kiingereza changu cha kujitambulisha, nikakimwaga. Mama mdogo akaniuliza kwa nini niliacha kazi ya duka la simu, nikapita salama. Kisha boda akajiweka sawa, akakunja mikono.

"Msailiwa, kwa nini tukuchukue wewe, tukamwache mwenzako?"

Nilitabasamu. Jibu la swali hilo nilikuwa nimelikariri: mwaminifu, mchapakazi, mwepesi wa kujifunza, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nikaanza kulishusha. Nilipofika kwenye uchapakazi, mama mdogo akasema, taratibu kabisa, "Mwenzako naye mchapakazi. Saa kumi alfajiri yuko stendi."

Ndipo nilipomwangalia vizuri. Hakuwa anatania. Wala hakuwa na kinyongo, hilo nalo lingenirahisishia. Alikuwa anasubiri jibu, kalamu ya kukopa mkononi, boksi la biskuti alilolichana kuwa karatasi ya alama liko gotini. Usaili wa kweli hukuuliza kwa nini wewe ni bora kuliko mtu usiyemwona. Huyu nilikuwa namwona, jana yake alinibeba kutoka sokoni.

Sijui nilinyamaza kwa muda gani. Mwalimu alikohoa. Mwishowe nikasema sijui kama namzidi mwenzangu. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa mazoezi kwa vitendo nilikuta stoo ya dawa ina maboksi ya glavu yaliyokaribia kuisha muda yamefunikwa na mapya, nikayapanga upya yanayowahi kuisha yatoke kwanza, na kila boksi nikaliandikia kadi.

"Kadi ulizihakiki kwa kuhesabu, au uliamini zilivyoandikwa?"

"Nilihesabu."

"Ukakuta nini?"

Nikamweleza nilichokuta. Akauliza nilimripoti nani. Akauliza kwa maandishi au kwa mdomo. Maswali yakafuatana, kila moja limekaa mahali pake, na nikatambua kwamba huyu bwana angeifanya kazi ile. Labda kunizidi. Alipomaliza aliandika namba kwenye boksi lake, akaligeuza nisione, akavaa helmeti, akaenda kutafuta abiria.

Dodoma yenyewe ilipita haraka. Basi la alfajiri, Segera, Chalinze, Morogoro, vumbi na ule upepo wao. Mchujo wa kuandika, nikapita. Kwenye mahojiano waliniuliza: mkuu wa idara kakuletea risiti ya kitu alichokwisha kununua dukani, anataka umtengenezee makaratasi yafuate nyuma, utafanyaje? Nikaeleza kazi ya idara inayohitaji bidhaa, ya kitengo cha ununuzi, ya bodi ya zabuni na ya afisa masuuli, yaani mkuu mwenye dhamana ya fedha za taasisi, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kuvaa kofia ya mwenzake. Swali la mwenzangu hakuna aliyeliuliza. Majina ya walioitwa kazini yalipotoka sikuwemo, nilikuwa nimebaki kanzidata, orodha ya waliofaulu wakasubiri nafasi. Miezi ikapita, nikawa nimeshakata tamaa, ndipo nikapangiwa halmashauri ambayo sikuwahi kuiomba.

Kwa hiyo kama kunolewa kule kulinisaidia, sijui. Pengine zilikuwa alama za mchujo tu. Pengine kuna mtu alipangiwa kituo kile akakataa kuripoti.

Boda ndiye aliyenipeleka stendi na begi. Aliisoma barua yangu ya ajira mwanzo hadi mwisho, akapitisha kidole kwenye TGS D, ngazi yangu ya mshahara, akaniuliza kama huko halmashauri hawana nafasi ya mtunza stoo. Nikamwambia nitaulizia. Niliulizia kweli, nikaambiwa lile ninalolijua: nafasi hutangazwa, mtu aombe kwenye mfumo. Akaomba. Jina halikutoka.

Siku hizi ana pikipiki mbili, moja kamkabidhi mdogo wake. Vijana wa mtaa wakiitwa usaili hupelekwa kwake, na ada yake si ndogo. Mama mdogo anasema amekuwa mkali kumpita yeye. Mtoto wa kaka nimempa namba yake, maana lile la udhaifu mimi sina jibu ninaloliamini.

Mwezi uliopita boda alinipigia yeye mwenyewe, si kwa habari za usaili. Amesajili kikundi cha vijana, amesikia asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa makundi maalumu, anataka kujua namna ya kuingia kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, awe mzabuni wa vifaa vya usafi. Nilimwelekeza hatua kwa hatua, karibu saa nzima. Mwisho nikamwomba jambo moja: asiombe zabuni kwenye halmashauri yangu.

Akanyamaza kidogo. "Sawa, dada," akasema, "lakini ndiyo ninayoijua."