Mfuko wa Maandazi

Katazo la mifuko ya plastiki lilianza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Shule zilikuwa zimefungwa mwezi huo, kwa hiyo nyumbani kwetu Tanga tulilihisi sokoni tu. Siku mbili kabla ya kufunguliwa kwa shule mwezi wa Julai, nilivuta droo ya jikoni nilimozoea kuhifadhi mifuko ya rambo na vile vifuko vyepesi vya nailoni, nikakuta hamna kitu. Mwanangu, aliyekuwa darasa la pili, alizoea kubeba maandazi mawili kila asubuhi, na kopo nililokuwa nimemnunulia lilipoteza kifuniko ndani ya wiki ya kwanza. Nikaamua kumshonea mfuko.

Cherehani tuliyokuwa nayo ni ya mama yangu, Butterfly nyeusi ya kukanyaga aliyoinunua kabla sijazaliwa, na mama mwenyewe alikuwa akikaa nasi mwaka ule. Nilichukua kipande cha kitenge kilichobaki kwenye gauni langu, nikanunua Ngamiani zipu ya inchi 8 na nusu yadi ya amerikani kwa ajili ya bitana. (Kitambaa hicho kingali kinaitwa kwa jina la wafanyabiashara wa Marekani waliokileta Unguja katika karne ya 19, ingawa cha siku hizi hakitoki huko.) Mama aliniagiza nikiloweke kitenge kwenye maji ya chumvi kwanza ili kisichuje rangi kwenye chakula cha mtoto. Chumvi, kwa nilivyoona, haikufanya kazi kubwa. Kilichosaidia ni kukifua mara tatu hadi maji yakatoka meupe.

Usiku huo nilikata vipande vinne vya inchi 8 kwa 7, viwili vya kitenge na viwili vya amerikani, nikaibana zipu katikati ya kitenge na bitana kila upande, nikashona taratibu nikiyakwepa meno yake. Kisha nikakutanisha kitenge kwa kitenge na bitana kwa bitana, nikazungusha mshono pande zote, nikiacha uwazi wa vidole vitatu chini ya bitana wa kugeuzia mfuko. Nilijisifu moyoni. Nilipoingiza mkono kupitia uwazi ule ili niugeuze, niligonga ukuta: zipu ilikuwa imefungwa tangu mwanzo, na kichwa chake kilikuwa upande wa pili, ndani ya kitenge, ambako vidole vyangu visingefika.

Mama alikuwa kwenye mkeka nyuma yangu, akichambua mchele wa kesho.

"Nilikuona," alisema bila kuinua uso.

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Ungesikia, mwanangu? Chukua wembe ufumue."

Nilifumua ubavu mmoja kwa wembe, chini ya taa, na kwa haraka ya kutaka kulala nikauparaza ukanda wa zipu karibu na mwisho wake. Nilifungua zipu, nikashona upya, nikageuza. Mfuko ulitoka, ingawa pembe moja ilikuwa juu kuliko nyenzake.

Siku ya kwanza ya shule ulirudi ukiwa na doa la mafuta upana wa kiganja, jambo nililolitarajia. Nisilolitarajia ni sisimizi. Chembe za andazi zilikuwa zimejificha kwenye pembe za bitana na katikati ya meno ya zipu, mahali ambapo hata nilipougeuza mfuko na kuukung'uta hazikutoka, na usiku msururu mzima ulipanda ukutani hadi kwenye msumari nilipoutundika. Niliusugua kwa mswaki wa zamani, nao ulichukua siku mbili kukauka kwa sababu ya ule unene wa kitambaa juu ya kitambaa.

Mama ndiye aliyeniambia niachane na zipu. "Shona kama foronya," alisema, na sikuhitaji maelezo zaidi: kipande kimoja kirefu cha amerikani kilichopindwa ncha zote mbili, kikakunjwa, ncha moja ikiachwa ndefu ili irudi ndani na kufunika mdomo. Mishono ya ubavuni ni miwili tu. Mfuko wenyewe hauna bitana wala meno, na ukiugeuza nje ndani hakuna pembe isiyofikiwa na kidole. Nilishona mitano jioni moja, mmoja kwa kila siku ya shule, nikaifua pamoja na sare na kuichemsha kila Jumamosi. Mama aliongeza sharti moja, kwamba andazi lipoe kabisa kabla ya kuwekwa, kwa kuwa likifungiwa la moto hutoa jasho na kulowesha mfuko.

Ule wa kwanza wenye zipu mama aliuchukua, akawa anawekea miwani yake. Hadi leo zipu hukwama karibu na mwisho, pale wembe ulipopita, naye huifunga hadi hapo tu.