Bomba la jikoni lililoganda: jinsi nilivyolizibua na kulikinga kabla ya safari

Katika nyumba za Minnesota, jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani, bomba linalopita ndani ya ukuta wa nje ndilo huganda kwanza, hasa baridi ikishuka nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri au zaidi. Dalili yake ni koki ya jikoni kutoa maji kiduchu, au kukauka kabisa, huku ya bafuni ikitoka vizuri.

Kwanza nilifungua koki nikaiacha wazi. Hatua hii ni muhimu kuliko zote: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na mara nyingi kinachopasua bomba ni shinikizo la maji yaliyobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa. Kisha mashine ya kukaushia nywele, kuanzia upande wa koki na kurudi nyuma taratibu. Ukianzia katikati, maji na mvuke hukosa pa kutokea. Moto wa wazi usiusogeze kamwe, kuta hizi ni za mbao.

Maji yaliporudi nilikagua viungo visivuje, nikaziba tundu ambamo bomba linaingilia ukutani, kwa kuwa upepo mwembamba hapo hugandisha haraka, kisha nikalivika bomba sponji yake. Sponji huchelewesha baridi tu, haileti joto. Kwa hiyo usiku mkali milango ya kabati la sinki hubaki wazi na koki hudondosha.

Ukisafiri, weka themostati (kidhibiti cha joto la nyumba) isipungue nyuzi 13 za Selsiasi, funga valvu kuu ya maji, kisha fungua koki zote zimwage. Nyumba ikipashwa kwa boila ya maji, muulize fundi kabla ya kufunga. Ufunguo mwachie jirani.