Wiki moja kabla shule hazijafungwa: siku yangu ya kazi, London Mashariki

Saa 11 na nusu alfajiri

Mwezi wa saba London jua huchomoza kwenye saa kumi na moja, na mapazia yetu mepesi, kwa hiyo usingizi hukatika wenyewe. Mume wangu hajarudi kutoka shifti ya usiku ghalani, watoto wamelala, meza ya jikoni yangu peke yangu. Chai ya tangawizi, kalamu, na karatasi niliyoigawa wiki sita. Likizo ya kiangazi ya shule za Uingereza ndiyo hiyo, mwisho wa Julai mpaka mwanzo wa Septemba, na kambi za michezo za kulipia kwa watoto wawili zinaweza kumeza mshahara wangu wote nikabaki naangalia.

Karatasi hii ina kazi mbili. Ni ya watoto wangu, wa miaka tisa na mitano, na ni ya kazini vilevile. Mimi ni msaidizi wa maktaba, upande wa watoto, na leo lazima nimalize kipeperushi cha mambo ya bure ambayo familia ya mtaani kwetu inaweza kufika kwa miguu au kwa safari moja tu. Bosi kanipa karatasi moja, mbele na nyuma.

Saa 1 asubuhi

Baba kaingia, kala mkate wake, kalala. Mkubwa hataki uji. Mdogo anataka uji wa kaka yake. Tumetoka.

Saa 3 na nusu

Tunafungua mlango. Maboksi ya Summer Reading Challenge yamefika, na nusu saa nzima nahesabu stika na medali. Mpango huu upo tangu 1999 na haujabadilika sana: mtoto anajiandikisha bure, anasoma vitabu sita wakati wa likizo, kila akirudi anapewa stika, na akimaliza anapata cheti na medali. Wazazi wengi huniuliza kama vitabu vya katuni vinahesabika. Vinahesabika. Vya kusikiliza je? Navyo. Rafu yetu ya Kiswahili ni fupi, na vingi vilivyomo nimevibeba mwenyewe kwenye sanduku kutoka Unguja, lakini mtoto akinisomea kimoja kile kwa sauti nampa stika yake huku natabasamu.

Kinachonifurahisha zaidi si kusoma kwenyewe. Stika hazitolewi zote siku moja, kwa hiyo mtoto analazimika kurudi, na kila akirudi hiyo ni asubuhi moja imeshapata shughuli, chini ya paa, karibu na choo, bila kutoa senti.

Saa 5

Kaja mama mmoja wa Bukavu, mgeni wetu wa kila wiki, na kigari cha mtoto na wengine wawili wamemshika sketi. Nikamwonyesha rasimu ya kipeperushi. Akaisoma yote, mbele na nyuma, halafu akaniuliza, "Dada, huko kote ni bure, sawa. Lakini batoto batakula nini?"

Hapo ndipo penyewe. Mtu anaweza kukutajia makumbusho ishirini yasiyo na kiingilio, na hajakusaidia kitu kama saa saba mchana watoto watatu wanalia njaa mbele ya mkahawa unaouza kipande cha keki kwa bei ya kuku mzima. Chakula ndicho kinachovunja mipango ya bure. Baada ya chakula, choo.

Nikakaa naye chini, maana jambo hili lina fundo ambalo wazazi wengi wa London hawalijui. Serikali ina mpango unaoitwa HAF, yaani shughuli na chakula wakati wa likizo, ulioenea England nzima mwaka 2021. Kwa kiangazi mtoto anapata takriban wiki nne kati ya zile sita, siku nne kwa wiki, saa nne kwa siku, michezo na mlo ndani yake, na mzazi halipi. Lakini nafasi hizo kwanza ni za watoto wanaopata chakula cha shule bure kwa sababu ya kipato cha nyumbani. Sasa, tangu Septemba 2023 watoto wote wa shule za msingi za serikali hapa London wanakula bure mchana, tajiri kwa maskini, wadogo kwa fedha za serikali, wakubwa kwa fedha za Meya. Kwa hiyo mzazi anaona mwanawe anakula bure, anadhani yumo kwenye orodha, kumbe fomu ya kipato hajawahi kuijaza hata siku moja. Julai inafika, wenzake wanatumiwa namba ya kuwekea nafasi, yeye anangojea ujumbe usiokuja.

Nilimuuliza, "Fomu ulijaza?" Akasema, "Fomu gani?"

Tukaipigia shule palepale. Karani, Mungu ampe afya, alisema aje leo hii na barua zake za malipo ya serikali. Nikamsisitizia: ni leo au kesho, kwa sababu shule ikishafungwa simu italia mpaka Septemba bila wa kuipokea. Na hata asipotimiza masharti, aulize, kwa kuwa halmashauri huruhusiwa kutenga sehemu ya nafasi kwa watoto wengine wenye shida. Kipeperushi changu kikabadilika hapohapo. Maelezo ya fomu yakapanda juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, na picha ya jua linalocheka niliyoihangaikia jana ikatolewa.

Saa 7 mchana

Saa yangu ya mapumziko nimeitumia kutembea mpaka bustani ya jirani, silesi zangu mkononi. Siandiki mahali nisipopakagua. Bomba la maji ya kunywa linafanya kazi? Linafanya. Kivuli kiko upande gani saa ya jua kali? Chini ya miti mikubwa, mbali na bembea, kwa hiyo mzazi achukue jamvi. Choo kina kufuli ya msimbo na msimbo uko kwa muuza chai, ambaye ni mkali mpaka umsalimie. Nimeandika: "Msalimieni kwanza."

Saa 8

Kuandika sasa. Watoto wa chini ya miaka kumi na moja hawalipi basi, na hawalipi treni za chini ya ardhi wala treni ndogo za DLR wakiwa na mtu mzima, kwa hiyo nauli ni ya mzazi tu. Hilo nimelitia kwenye mstari wake peke yake.

Nimeweka Young V&A ya Bethnal Green, makumbusho ya watoto iliyofunguliwa upya Julai 2023. Iko hatua chache kutoka kituoni, na humo mtoto hagombezwi akigusa. Nimeweka Mudchute, shamba la wanyama la ekari 32 Isle of Dogs, ambako mbuzi anakutazama na nyuma yake yamesimama maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf. Nimeweka maji yanayoruka kutoka ardhini kwenye bustani ya Olimpiki ya Stratford, na onyo la nguo za kubadili. Wanstead Flats imeingia bila maelezo marefu: nyasi, upepo, mpira. Na kwa Jumapili, junior parkrun, mbio za watoto za kilomita mbili saa tatu asubuhi, miaka minne hadi kumi na nne, bure.

Makumbusho ya Docklands nayo imo. Jengo lenyewe ni ghala la mwaka 1802, na ndani kuna sehemu inayoeleza sukari ya London ilivyotokana na utumwa. Mwanangu mkubwa alisimama pale muda mrefu, akaniuliza kama ni watu walewale waliouzwa Mkunazini, kwenye soko la watumwa la Unguja. Nikamwambia biashara mbili, bahari mbili, na tukaongea njia nzima ya kurudi. Watoto wadogo wana chumba chao cha kuchezea, ila lazima kuweka nafasi mapema.

Natural History Museum nimeiacha. Mwenzangu kashangaa, "Dinosari utawaachaje?" Nawaacha. Mwezi wa nane foleni yake ni ya kuungua jua, kutoka kwetu ni safari ya kuvuka mji, na ukifika ndani unasukumana na dunia nzima. Dinosari wamekufa zamani, hawana haraka, waendewe Novemba. Mtoto wa miaka mitano hahitaji mahali pakubwa, anahitaji mahali anapopajua, apaendee mara tatu, na mara ya tatu ajifanye mwenyeji.

Saa 9 na robo

Langoni mwa shule. Tumepita kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba zetu, nikatoa soksi tatu kuukuu mfukoni, nikazikunja moja ndani ya nyingine mpaka zikawa mpira, nikafundisha nage. Wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa. Binti yangu alikuwa katikati dakika mbili tu, wakaja watoto wa Kibengali wa ghorofa ya pili, akaja na msichana wa Kipolishi na baiskeli yake. Lugha ya kuelezana hawakuihitaji, isipokuwa pale mtu alipogongwa na kukataa katakata kwamba hakugongwa. Wakanigeukia niamue, nami nikajifanya natafuta kiberiti.

Saa 11 jioni

Wamekwenda madrasa. Nimekaanga samaki.

Saa 1 na nusu usiku

Usiku kwa saa tu, nje bado mchana mweupe. Watoto hawataki kulala huku jua linawaangalia, na siwalaumu.

Kikundi chetu cha kinamama kwenye WhatsApp kimechemka. Mwezi wa nane mimi nitakuwa kazini, mume wangu asubuhi atakuwa usingizini, na wenzangu hali zao ni hizohizo: mmoja analea wazee, mwingine anafagia ofisi alfajiri. Kwa hiyo tumepanga kama upatu, kila mama na siku yake. Siku yako unawachukua watoto wote pamoja na mama mwingine mmoja wa kukusaidia, siku nyingine unakwenda kazini na moyo umetulia.

Ubishi wa leo ni Southend. Mmoja anataka bahari, anasema watoto wa pwani hawawezi kukaa kiangazi kizima bila kuona maji. Ninamwelewa sana. Lakini treni ya Southend ina nauli ya watu wazima, na ukishafika pale kuna michezo ya mashine, kuna chipsi, kuna barafu, na kila mtoto ana mkono ulionyooshwa. Tumekubaliana iwe mara moja, mwisho kabisa, kwa atakayeweza, na haimo kwenye zamu.

Mengine yamepita bila kura. Kila mtoto na chakula chake, chapati iliyoviringishiwa yai au tuna, hakuna wali kwa sababu wali unamwagika. Chupa ya maji yenye jina. Mvua ikinyesha, hakuna kuulizana, wote maktabani.

Saa 3 na nusu usiku

Magharibi imeingia, wamelala hatimaye. Nimesoma ujumbe wa mwisho, wa mama wa Bukavu. Fomu kapeleka, karani kaipokea mkononi. Jumatano atasimamia yeye, ila Mudchute haendi ng'o, kaona picha ya alpaka na yule mnyama hamwamini. Nimembadilishia na Bethnal Green. Alpaka nimewachukua mimi.