Stempu ya Levanevsky iliyonitia hasara
Niliweka akiba miezi mingi ili nipate ile stempu ya Kisovieti ya kopeki 10 yenye picha ya rubani Sigizmund Levanevsky, ambayo mwaka 1935 ilichapwa juu yake maandishi mekundu ya safari ya Moscow hadi San Francisco kupitia Ncha ya Kaskazini na kupandishwa thamani hadi rubli 1. Ndege yenyewe ilirudi njiani kwa kuvuja mafuta ya injini, lakini stempu ikawa lulu, na waghushi hawakulala. Nilipoitazama yangu kwa lenzi, niliona wino mwekundu umepita juu ya muhuri wa posta, yaani barua ilitumwa kwanza, maandishi yakafuata! Muuzaji, aliyeniapia kwamba ni halisi, hapokei simu zangu tena.