Nilivyomuuza Bosi

Mwanza hakuna mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya furu, hivi visamaki vidogo vya Ziwa Victoria. Nenda Mwaloni pale Kirumba uulize furu, utaambiwa hicho chambo, kinatungwa kwenye ndoano za sangara, basi. Ndo maana mwaka ule nilipokaa siku kadhaa nawaza nimuuze furu mmoja au nisimuuze, nyumbani Mabatini waliona sasa kijana kashachanganyikiwa na kukosa kazi.

Tanki alinitengenezea fundi vioo, silikoni pembeni, na pampu ya hewa ya kichina iliyokuwa inaunguruma usiku kucha, na kila umeme wa LUKU ukiisha mama anaiangalia ile pampu halafu ananiangalia mimi. Ndani walikuwemo mbipi, yaani wale furu wa kwenye miamba. Mjomba wakati huo alikuwa anavua upande wa Makobe, kule ghuba ya Speke, nikimwomba ananiletea wazima kwenye ndoo.

Dume mkubwa tulimwita Bosi. Aisee yule samaki! Hata urefu wa kidole hazidi sana lakini mgongo mwekundu wa kuwaka, ubavuni njano yenye mistari myeusi imesimama wima, chini kifuani mweusi tii, na kwenye pezi la chini karibu na mkia ana vidoa vya njano kama mayai. Jike akishataga anayaokota mayai yake mdomoni, halafu akiona vile vidoa anavifuata akidhani ni mayai mengine, hapo hapo dume anamwaga mbegu, mambo yanaishia mdomoni humo humo. Baada ya hapo jike anakaa wiki mbili tatu mdomo umevimba, hali kitu cha maana.

Jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei. Hilo la nyererei walimpa Waholanzi, wale watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuja kuchunguza furu wa ghuba ya Mwanza kuanzia 1977, na maelezo yake yakachapishwa 1985, mwaka ule ule Mwalimu aliong'atuka. Sasa ukiitwa jina la Mwalimu mtu anategemea ujamaa, kumbe jamaa ni bepari mtupu. Tanki zima lake. Kigae cha chungu nilichoweka chini kiwe pango, chake. Dume mwingine akisogea wanang'atana mdomo kwa mdomo wanasukumana hadi mchanga unatimka, na aliyeshindwa anafukuzwa mpaka kule juu pembeni ya pampu, amekuwa wa kijivu, mapezi yamechanika, hashuki hata chakula kikimwagwa.

Basi akaja mzee mmoja mstaafu wa Capri Point, ana tanki kubwa sebuleni, kasikia habari zangu sijui kwa nani. Nikamwamkia, akaitika marahaba huku macho yako kwenye kioo. Akachuchumaa muda mrefu. Kisha akasema, "Kijana, nataka huyu tu. Elfu 80."

Elfu 80 ya furu! Mama akaniita uani, "Mpe, na hao wengine wote mpe, kabla hajapata akili."

Lakini mi nilikuwa najua kitu ambacho mama hakukijali. Bibi alishanisimulia walivyokuwa wanakula furu, wanawakausha, wamejaa ziwani hadi miaka ya 70 Mwanza kuna kiwanda cha kuwasaga unga. Miaka ya 80 sangara akaijaza ghuba akawala, aina kibao zikapotea moja kwa moja. Wa kwenye miamba ndo walipona kidogo, ila nao wana shida yao, maji yakichafuka jike haoni rangi vizuri, mwekundu na yule ndugu yake wa bluu wanachanganyika, mwishowe unapata samaki wa rangi rangi tu haeleweki. Kwa hiyo mwekundu safi wa maji meupe ya Makobe siyo wa kuokota popote, na mjomba alikuwa ameshahamia Ukerewe kwenye dagaa. Nikimtoa huyu, sina wa kuniletea mwingine.

Nikamwambia mzee anipe muda. Kilichoamua ni asubuhi moja nimewasha taa nikakuta dume wa tatu anaelea, jicho moja halipo. Nikasema hapana, aende, wengine wapumue. Ilibidi nitoe mawe yote ndo nimnase na kichujio cha chai, mzee akahesabu hela, Bosi akaondoka kwenye mfuko wa nailoni.

Amani ilidumu usiku mmoja. Kesho yake yule wa kijivu, mnyonge wa kujibanza kwenye pampu, nikamkuta katikati ya kigae, mistari imekolea. Siku chache mbele mgongo umeshaanza kuwaka, na anafukuza wenzake kuliko hata Bosi! Kumbe rangi alikuwa nayo siku zote, alikuwa anasubiri kiti kiwe wazi.

Mzee naye akapiga simu, mkali. "Kijana umeniuzia nini, samaki kafifia, kama sato mchanga!" Nikamwambia shikamoo kwanza, halafu nikamweleza, mzee huyo si mgonjwa, hana wa kugombana naye, muwekee dume mwenzake nyuma ya kioo wawe wanaonana tu wasifikiane.

Akaja jioni ile ile, akachuchumaa tena, akamwonyesha kidole bosi mpya. "Huyu je?"

Kabla sijajibu mama akadakia toka jikoni, "Huyo laki!"

Nikakataa, laki yenyewe nikaiacha. Nikampa wa kijivu mmoja kwa elfu 20, na baadaye akanitumia picha Bosi amerudi mwekundu, kabandika pua kwenye kioo anamtolea mwenzake macho. Ile elfu 20 mama aliichukua yote, akasema ni ya umeme.