Lenzi ya chumba cha boriti: nilivyopata lenzi pana ya kupigia picha za harusi za usiku

Vyumba vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe, Unguja, vina upana unaokaribiana, kwa sababu waashi wa zamani walifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na chumba kikawa na upana wa mita 3 hivi au pungufu yake, hata kama urefu wake ni kama wa ukumbi. Ndani ya vyumba vya namna hiyo ndimo ninamofanyia sehemu kubwa ya kazi yangu, kwa kuwa usiku wa kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba biharusi, wanawake huvua mabuibui yao, simu hukusanywa mlangoni, na mpiga picha anayeruhusiwa kuingia ni mwanamke tu. Biharusi hukalishwa juu ya mito mbele ya ukuta mmoja, mama, shangazi na somo wake (mwanamke anayemfunda) humzunguka, nami hubaki nimeuegemea ukuta wa pili huku chokaa ikinichafua mgongo.

Kwa muda mrefu nilifanya kazi hiyo kwa Nikon D750, kamera yenye sensa (kibao kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, na lenzi moja ya zum ya milimita 24 hadi 70 ambayo tundu lake hufunguka hadi f/2.8. Milimita za lenzi zikiwa chache, huona upana mkubwa zaidi; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi. Ni lenzi nzuri, na katika kumbi za hoteli haijaniangusha. Usiku wa kupamba, hata hivyo, mwanga hutoka kwenye nyuzi za taa ndogo zilizotandazwa nyuma ya pazia na pengine taa moja ya mezani, na hapo nililazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 na kushusha kasi ya shata, mlango unaopitisha mwanga, hadi 1/60 ya sekunde. Picha zilijaa chenga, zile punje ndogo za rangi, na mikono iliyokuwa ikipiga makofi ilitoka kama vivuli.

Wengi watauliza kwa nini nisitumie flashi. Nimeitumia, na najua inavyokwama. Ukiielekeza juu, mwanga unapotea katikati ya boriti nyeusi na hakuna kinachorudi. Ukiielekeza kwenye ukuta mweupe wa pembeni, mwanga unarudi vizuri, lakini unafuta zile taa ndogo ambazo mpambaji ametumia mchana kutwa kuzipanga. Kisha kuna udi: chetezo kikishapitishwa mara mbili, moshi hutanda mbele ya kamera, na flashi ikipiga, moshi huo ndio unaong'aa huku uso wa biharusi ukififia nyuma yake kana kwamba umefunikwa kwa chandarua.

Kabla ya kutafuta lenzi nyingine nilirudi kwenye kompyuta nikafungua picha za harusi tatu za mwisho, nikaangalia taarifa ambazo kamera huhifadhi ndani ya kila faili. Nilikuwa na hakika kwamba nilihitaji lenzi pana zaidi, kama ile ya milimita 14 hadi 24 ambayo kila mpiga picha ninayemfahamu huitamani. Faili zilisema jambo jingine. Ndani ya vyumba, zaidi ya nusu ya picha zilikuwa zimepigwa kwa milimita 24 kamili, yaani mwisho mpana wa zum yangu, na zile nilizozitupa sikuzitupa kwa sababu mtu alikuwa amekatwa pembeni. Nilizitupa kwa chenga na kwa mitikisiko. Lenzi ile niliyoitamani nayo huishia f/2.8, kwa hiyo ningelipa fedha nyingi na kubeba karibu kilo nzima ili nipate mwanga uleule niliokuwa nao.

Hesabu iliyobaki ilikuwa nyepesi. Kutoka f/2.8 hadi f/1.4 mwanga unaoingia huongezeka mara 4. Kwa umbali wa mita 2.3, ambao ndio ninaoupata nikishajibana ukutani, lenzi ya milimita 35 huchukua upana wa mita 2 na theluthi hivi, na hapo somo lazima akatwe bega. Lenzi ya milimita 24 huchukua karibu mita 3 na nusu, na ile ya milimita 20 hupita mita 4. Nilikuwa na khofu moja tu, kwamba kwa tundu kubwa kiasi hicho ningepata pua ya biharusi na kupoteza masikio yake. Khofu hiyo ni ya haki kwa lenzi ndefu, zenye milimita nyingi: milimita 85 kwa f/1.4, mtu akiwa mita 2 mbele yako, hukupa sentimita 4 au 5 tu za kina zinazotoka safi. Lakini milimita 24 kwa tundu hilohilo na umbali huohuo hukupa takriban sentimita 60, kiasi cha kutosha safu moja ya watu waliokaa vizuri.

Zikabaki mbili: milimita 20 ya f/1.8, ambayo ya Nikon ina gramu 355 tu, na milimita 24 ya f/1.4. Wepesi ulinivutia, nikaikodi ile ya 20 kwa harusi moja. Katikati ya picha kila kitu kilikuwa safi. Pembeni, hata hivyo, lenzi pana namna hiyo humvuta mtu kuelekea kwenye kona, na shangazi wa biharusi, ambaye kwa umbo ni mtu wa wastani, alitoka na bega la mcheza mieleka. Aliiona picha ile kwenye kioo cha kamera usiku uleule.

"Mwanangu, huyu ni mimi au ni godoro?"

"Shangazi, kosa si lako, ni la lenzi."

"Basi lenzi hiyo isiingie tena humu ndani."

Nikaamua kutafuta Sigma ya milimita 24, f/1.4, iliyokwisha kutumika. Ya kwanza niliyoletewa ilikuwa inang'aa kwa nje, na bei yake ilikuwa ya kirafiki mno. Niliifungua tundu lote, nikaiangaza kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku nikiitazama kwa mbele, nikaona nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui zimeanzia ukingoni mwa kioo cha ndani. Hiyo ni kuvu, na katika unyevu wa pwani haiponi yenyewe. Nilimrudishia muuzaji, aliyeapa kwamba ni vumbi. Ya pili nilisubiri miezi miwili kuipata, na hadi leo inalala katika kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Nayo haikuanza vizuri. Katika picha za majaribio nilizompigia dada yangu nyumbani, macho yake yalikuwa na ukungu kidogo, ilhali maandishi ya khanga iliyoning'inia nyuma yake yalisomeka herufi kwa herufi. Lenzi ilikuwa inafokasi nyuma ya pale nilipoelekeza. Nililaza gazeti mezani, nikaweka kamera kwenye stendi kwa mshazari, nikafokasi mstari mmoja wa maandishi nilioupigia kalamu nyekundu, kisha nikarekebisha kupitia menyu ya kamera hatua kwa hatua mpaka mstari ule ndio ukawa safi kuliko mingine. Kwa lenzi yangu ilikuwa hasi 7. Ya mtu mwingine itakuwa na namba yake. Nilirudia kwa umbali wa mita 2, maana ndio umbali wa kazi yangu.

Siku hizi nikiingia chumbani naweka f/1.4, shata 1/100 na ISO 2500 au karibu yake, nami nazima ile taa ndogo ya kamera inayosaidia fokasi kwa sababu huwapiga wazee machoni. Hiyo 1/100 sikuichagua ovyo: umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na ukipandisha shata zaidi ya hapo picha moja hutoka na michirizi, nyingine ikawa na rangi tofauti. Kona za picha hutoka na giza kidogo, jambo ambalo sikuliondoa hata mara moja, kwa kuwa kwenye kona hizo mara nyingi kuna viatu na sahani za halua.

Mwaka uliofuata nyumba ileile ilimwoza binti mdogo. Shangazi alinipokea mlangoni, akanipa pole ya ngazi, akautazama mkoba wangu.

"Umekuja na ile?"

"Nimekwisha kuirudisha kwa mwenyewe, shangazi. Hii ni nyingine."

Akaingia ndani, akamsogeza somo pembeni, akakaa katikati.