Umeme ulikaza misuli, kuinuka kitini nikajifunza mwenyewe

Kazi yangu ni ya kukaa. Miaka kumi na moja ya kiti ilinifikisha mahali siinuki bila kuegemea meza na kuguna. Rafiki akanishauri: "Vyuma vya nini? Bandika pedi za umeme, washa, misuli ijifanyie kazi yenyewe." Mvivu akiambiwa hivyo atakataaje?

Nikanunua mashine. Bei siitaji, ila ningepata jozi mbili za viatu vizuri. Wiki tatu, kila usiku, pedi pajani huku natazama mpira. Inatekenya tu. Naongeza nguvu, inatekenya zaidi. Nikawa hata najipapasa paja kwa fahari, naona kama limejaa! Wiki ya nne ndipo nikafungua kijitabu chake: kumbe nimenunua TENS, mashine ya kutuliza maumivu. Inasisimua neva za hisia. Kukaza misuli si kazi yake. Ya misuli ni EMS, na hiyo ikiwashwa huulizi, paja linakuwa jiwe utake usitake.

Basi nikaenda kwa mkufunzi wa EMS ya mwili mzima. Fulana yenye pedi, imeloweshwa maji, dakika 20 tu. Nami kwa kiburi: "Ongeza!" Siku tatu nilishuka ngazi kinyumenyume, na kuchana nywele nikawa nakipeleka kichwa kwenye kitana. Nacheka sasa, lakini ukizidisha mara ya kwanza misuli huweza kuharibika hadi kuumiza figo. Mkojo ukiwa rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali upesi. Mjamzito, au mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, asiiguse.

Nilirudi kwa adabu, nguvu ya chini, miezi miwili. Sikatai, mapaja yalikaza kweli. Ila kuinuka kitini bado nayumba. Ukinyanyua mzigo mwenyewe, ubongo huita kwanza nyuzi ndogo za misuli zisizochoka haraka, kisha kubwa kadiri uzito unavyozidi. Umeme haufuati foleni hiyo: unaamsha zilizo karibu na pedi, zilezile kila mara, zikachoka upesi. Na kujisawazisha hakuna pedi inayokufundisha.

Kilichonitoa ni begi la mgongoni. Mikono kifuani, nainuka, nashuka polepole kwa hesabu ya nne, mara nane, napumzika, narudia. Begi tupu kwanza. Hizo mara nane zikiwa nyepesi naongeza kitabu. Wiki mbili za mwanzo nilivaa na pedi za EMS mapajani, nikiwasha kila ninapoinuka, na hapo ndipo nilipohisi msuli gani unatakiwa kufanya kazi. Baadaye nikaziacha, waya zinanasa kila mahali. Nafanya mara mbili kwa wiki, ndicho kiwango cha chini cha mazoezi ya nguvu kwa mtu mzima kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo anayekwambia uanze na kila siku mpuuze.

Meza siigusi tena. Wiki hii nimeingiza kamusi, na zipu imegoma kufunga.